Niko kwa Geti, Uko Wapi?

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nami nilikuwa mbele ya darasa nikifundisha insha. Simu yangu ilikuwa ndani ya droo katika chumba cha walimu, sauti imezimwa, kama ilivyo desturi yetu. Nilipoichukua wakati wa chai nilikuta nimepigiwa mara sita na nambari nisiyoijua. Kulikuwa na ujumbe: "Niko kwa geti yako, uko wapi?" Chini yake kulikuwa na mwingine, uliotumwa dakika kumi na moja baadaye: "Nimerudi na mzigo."

Mzigo wenyewe ulikuwa mashine ya kupima presha. Nilimnunulia mama yangu, na nilikusudia kumpelekea Jumamosi. Ulirudishwa getini Alhamisi, saa ileile, nami nikiwa darasani vilevile. Kufikia Jumatatu ulikuwa umesafirishwa tena hadi Nairobi kwa muuzaji. Mama alikaa wiki tatu nzima bila kipimo, akiniuliza kila nikimpigia, "Ile kitu bado?" Wakati wa kuagiza nilikuwa nimeuliza bei, nikauliza dhamana, nikauliza hata kama betri zinakuja nayo. Kuna swali moja ambalo halikunijia: siku mzigo ukifika mtaani kwangu Pioneer, hapa Eldoret, ni nani atakuwepo kuupokea?

Tangu siku hiyo sitoi shilingi kabla ya kulijibu swali hilo, na ningependa wewe msomaji, hasa unayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jua limezama, ufanye hivyo. Mengine yote nitakayoyasema yanatokana na hilo.

Kwanza tuelewe kwa nini mzigo hufika tukiwa kazini. Vitu vingi tunavyonunua kwa simu hutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Muuzaji huufunga mzigo mchana, jioni akaupeleka ofisi ya vifurushi au ya mabasi, na gari likasafiri usiku. Asubuhi uko Eldoret. Hapo watu wa ofisi wanaanza kuigawa mizigo kimtaa: ya Kapsoya huku, ya Huruma kule, ya Langas na Pioneer kando. Ikifika saa tatu au saa nne mtu wa pikipiki ameshajaza sanduku lake na ametoka. Naye ni mfanyakazi kama sisi. Saa zake za kazi ndizo saa zetu za kazi, na jioni tunapofungua milango yetu yeye anakimbilia kwake. Giza likiingia hapendi kuzunguka mitaani na mali ya watu mgongoni, tena juu ya pikipiki ambayo pengine bado anailipia mkopo. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Halafu kuna suala la anwani. Mji huu wenyewe ulianza kama mahali pa kufuata barua. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua posta kwenye shamba nambari 64, na hadi leo kuna wanaouita mji Sisibo kwa sababu ya nambari hiyo. Jina la Eldoret likaja 1912, reli ikafika 1924, na tarehe 15 Agosti 2024 tukapewa hati ya jiji. Katika miaka hiyo yote barua haikumfuata mtu nyumbani, bali mtu aliifuata barua kwenye sanduku lake mjini. Anwani yetu rasmi bado ni S.L.P. fulani, 30100 Eldoret, na haisemi lolote kuhusu ploti unayoishi wala rangi ya geti lako. Kwa hiyo kijana aliyepewa mzigo wa Pioneer ana kitu kimoja tu cha kumfikisha kwako, nacho ni nambari yako ya simu. Usipoishika, kwake yeye nyumba yako haipo.

Sasa, utafanyaje?

Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji mzigo utabebwa na kampuni gani, na unaishia wapi. Neno "tunafikisha kote nchini" mara nyingi lina maana ya ofisi iliyo mjini, si mlango wako, na si kosa kama ulijua mapema. Ukishajua, chagua mwenyewe mahali mtakapokutana na mzigo wako. Una njia kama nne: ofisi ya kampuni, mahali pako pa kazi, duka la karibu na kwako, au mtu aliye nyumbani. Usimwachie muuzaji achague, kwa sababu ataandika "Pioneer" peke yake na kuendelea na mteja mwingine.

Kwa mtu anayefanya kazi mjini, ofisi ya vifurushi ndiyo njia rahisi kuliko zote, na nashangaa jinsi tunavyoikwepa. Tunalipa pesa zaidi ili mzigo uletwe kwenye nyumba tupu, na jioni tunapita hatua chache kutoka mlango wa ofisi ulikolala. Mwambie muuzaji aandike "mteja atachukua ofisini". Jina liwe lile lililo kwenye kitambulisho chako. Nimeona mtu akibishana nusu saa kwa sababu mzigo uliandikwa "Mama Brayo", na kitambulisho hakimjui Mama Brayo. Uliza wanafunga saa ngapi, Jumamosi wanafanya kazi hadi saa ngapi, na mzigo ukilala siku kadhaa unatozwa kiasi gani. Majibu hutofautiana ofisi kwa ofisi. Usiende saa saba mchana ukiweza kujizuia, kwa maana kila mwajiriwa wa mji huu amewaza vivyo hivyo na foleni inafika mlangoni. Kwa barua na vifurushi vidogo vya Posta kuna MPost, huduma inayoigeuza nambari yako ya simu kuwa anwani, ukapata ujumbe kitu chako kikifika. Inafaa sana kwa kijana ambaye hajawahi kuwa na sanduku na bado anatumia la shule aliyosomea.

Kupokelea kazini kunategemea kazi yenyewe. Anayekaa ofisini na dawati lake hana shida. Lakini muuguzi aliye wodini katika Hospitali ya Moi hawezi kumwacha mgonjwa akatoke nje kuchukua viatu, na aliye kwenye mashine pale Rivatex hawezi kuisimamisha. Kama kazi yako ni ya namna hiyo, zungumza na walinzi wa geti mapema, uwaulize kama wanaruhusiwa kupokea, maana sehemu nyingine wamekatazwa kabisa na ukiwalazimisha utawatia matatani. Tena kumbuka kwamba kinachoingia kitatoka. Ukitoka kiwandani jioni na boksi kubwa kwapani utasimamishwa ueleze ni la nani. Risiti ya ununuzi iwe kwenye simu yako, na ikiwezekana jina lako liwe juu ya boksi.

Njia niliyoipenda mimi ni duka.

Hatua kama mia moja kutoka getini kwetu kuna duka la mama mmoja ambaye hufungua kabla ya watoto kwenda shule na kufunga saa tatu usiku. Nilimwendea Jumapili jioni, wakati hana wateja wengi. Nilinunua mkate na maziwa, kisha nikamwambia, "Mama, nina ombi. Nikiagiza vitu kutoka Nairobi, naweza kuachiwa hapa kwako?" Akaniangalia, akauliza, "Ni vitu gani, mwalimu? Isije ikawa vya kuniletea polisi." Lilikuwa swali la haki, nami nikalijibu kwa ukamilifu: vitabu, nguo, vyombo vya jikoni. Tukakubaliana papo hapo. Kwa kila mzigo namlipa shilingi 50, hata akikataa. Hapokei kitu ambacho hakijalipiwa, ili asije akatoa pesa za mauzo yake. Hapokei kitu kikubwa kuliko kreti ya soda, kwa sababu duka ni dogo. Yeye anathibitisha tu kwamba boksi lilifika likiwa limefungwa vizuri, na kilichomo ndani ni juu yangu na muuzaji. Mzigo ukilala zaidi ya siku mbili ninaongeza malipo.

Alitoa daftari la shule, lile la kurasa 32, akapiga mistari kwa rula: tarehe, nambari ya aliyeleta, sahihi ya aliyechukua. Leo daftari hilo lina majina ya majirani wengi. Wengine walinifuata mimi, wengine wamelijua duka kupitia vijana wa pikipiki wenyewe, maana wao wamefurahi kuliko sisi. Mahali pamoja, mizigo minne, hakuna kupiga simu mara sita.

Wazo hili si langu. Kampuni ya Copia, iliyoanza 2013, ilifanya biashara yake kwa kupeleka bidhaa kwa mawakala wenye maduka vijijini na mitaani, hadi ilipoishiwa na fedha na kuwekwa chini ya wasimamizi mwaka 2024. Jumia nayo ina vituo ambako mteja huenda kuchukua alichoagiza. Ujerumani walianza mwaka 2001 kuweka makabati ya chuma barabarani, yakiitwa Packstation, ambako mtu hufungua kijidroo chake saa yoyote, hata usiku wa manane. Poland nayo ikafuata na Paczkomat mwaka 2009, na huko sasa watu huenda kuchukua mzigo kama sisi tunavyokwenda kununua sukuma wiki. Kila ninapoona jengo jipya la ghorofa likichomoza hapa Pioneer natamani kumwambia mwenye jengo ajenge kabati dogo lenye kufuli pale getini, pembeni ya kibanda cha mlinzi. Gharama yake ni ya fundi mmoja wa mbao kwa siku mbili. Wapangaji wanapofanya mkutano wa maji na taka, hili nalo liwekwe kwenye ajenda.

Nimemtaja mlinzi, kwa hiyo nimsemee kidogo. Wengi wetu tunamwambia mtu wa pikipiki, "Mwachie soja," tukakata simu. Soja hajaulizwa. Anabadilisha zamu jioni, mwenzake hajui habari za boksi, na likipotea anakatwa mshahara mdogo alio nao. Ukitaka akupokelee, mwombe ana kwa ana, mwonyeshe mahali pa kuweka, na umpe kitu kidogo. Akisema hawezi, usimshurutishe.

Na dada anayetusaidia nyumbani ndiye aliye hatarini zaidi. Upo ujanja unaojulikana mitaani: mtu anakuja na kifurushi kilichofungwa vizuri, anasema kimeagizwa na mwenye nyumba, kimebakia kulipiwa shilingi elfu mbili tu. Dada anajaribu kukupigia, hushiki kwa sababu uko kazini. Anaogopa kukuudhi, anatoa akiba yake. Jioni mnafungua na kukuta gazeti limekunjwa. Mwekeeni sheria moja nyumbani na muitamke mbele yake: hakuna kulipia chochote mlangoni, na hakuna kufungua geti kwa mzigo ambao hakuambiwa asubuhi. Asubuhi ukiwa unatarajia kitu, mwambie kwa kinywa: "Leo kutakuja boksi la viatu, limelipiwa, kampuni ni fulani." Ikiwa hukumwambia, basi hakuna mzigo. Watoto wasitumwe getini hata kidogo.

Kuhusu maelekezo, hapa ndipo mizigo mingi inapopotelea. Usielekeze kwa kitu kinachohama. Kibanda cha mahindi ya kuchoma kiko leo, mvua ya Julai ikizidi hakiko. Elekeza kutoka steji, taja shule, kanisa, transfoma ya stima, kisha hesabu mageti. Ukituma lokesheni kwa WhatsApp, zingatia mambo mawili. Ile inayosogea inafuata simu yako ilipo, kwa hiyo ukiituma ukiwa kazini itamleta kijana hadi kazini kwako. Na ile isiyosogea huonyesha mahali ulipokuwa ulipobonyeza, isipokuwa umechagua mahali pengine kwa mkono. Nenda Jumamosi ukasimame mbele ya geti lako au mbele ya duka, itume kwa mume au mke wako, uihifadhi. Kuanzia hapo unaisambaza hiyohiyo kila mara.

Kisha andika ujumbe mmoja na uuweke kwenye simu, tayari kwa kunakili. Wangu husema hivi: "Habari. Mimi niko darasani hadi saa tisa unusu, siwezi kushika simu. Mzigo umelipiwa. Tafadhali acha dukani, lokesheni ni hii. Mwenye duka anajua, atakuandika kwenye daftari. Ukishindwa, rudi nao ofisini nitachukua leo jioni. Asante kwa kazi." Nautuma kwa muuzaji siku ninayolipa na ninamwomba auandike kwenye mzigo kwa ufupi. Siku mzigo unapofika, nautuma tena kwa nambari yoyote nisiyoijua iliyonitafuta, kabla ya kuingia darasani. Tangu nianze kufanya hivyo ni mzigo mmoja tu uliorudi, na ulikuwa siku ambayo mwenye duka alikwenda matangani.

Malipo nayo yana mambo yake. Kulipa ukipokea kuna usalama wake, kwa sababu unaona kwanza, lakini kunataka uwepo wewe mwenyewe au mtu mwenye pesa mkononi, na hapo ndipo duka linapokataa. Ukiwa unalipa kwa M-Pesa, lipa kwa nambari ya biashara ya kampuni, usilipe kwa nambari binafsi ya aliyeleta, hata akikuambia mtandao wao unasumbua. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka pini. Ukikosea nambari, sambaza ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja, kabla aliyezipokea pesa hizo hajazitoa. Na kama kampuni imekutumia nambari ya siri ya kupokelea, usiitaje kwa simu mzigo ukiwa bado njiani. Ukishaitaja, kwenye kompyuta yao umeshapokea, na hapo malalamiko yako yataanza kwa mguu mbaya. Mpe nambari hiyo anayekupokelea, naye aitaje akishalishika boksi.

Ukipata nafasi ya kufungua mbele ya aliyeleta, fungua. Usipopata, jirekodi kwa simu ukifungua, toka utepe wa kwanza hadi kitu chenyewe, bila kukata. Nilimfundisha jirani yangu hivyo, na glasi zake zilizofika zimevunjika zilibadilishwa bila maneno mengi. Kabla ya kutupa boksi, bandua ile karatasi yenye jina na nambari yako, uichane. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini haiwezi kuizuia karatasi uliyoitupa mwenyewe jalalani.

Mzigo ukipotea, andika, usipige kelele tu kwenye simu. Anza na kampuni yenyewe: tarehe, nambari ya mzigo, jina la ofisi, unachotaka. Kampuni za vifurushi nchini hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, na Mamlaka hiyo hupokea malalamiko ya mteja ambaye kampuni imeshindwa kumjibu. Ndiyo maana inafaa kuuliza mapema kama mbebaji ana leseni. Ukimpa dereva wa matatu bahasha mkononi bila risiti, utamdai nani?

Neno langu la mwisho ni juu ya kijana wa pikipiki. Wengi hulipwa kwa mzigo uliofika, si kwa safari. Akija Pioneer asubuhi kwenye matope, akakukosa, mafuta yale ni yake. Siku hiyo ya mashine ya presha sikulifikiria hilo. Nilikuwa na hasira, nikampigia wakati wa chai nikamwambia angengoja. Alinijibu kwa upole, "Mwalimu, niko na mizigo kumi na saba." Siku hizi nikimrudisha mtu kwa kosa langu ninamtumia nauli ya safari ya pili kabla hajaniomba, na nikishika simu ya nambari nisiyoijua naanza kwa salamu.

Mashine ya pili ilifikia dukani, siku ya Ijumaa. Nilipita saa kumi na moja unusu, mvua ikinyesha. Mwenye duka alikuwa ameifunika kwa gunia la unga ili isiloane, akanisogezea daftari na kalamu juu ya kaunta, akasema, "Weka sahihi hapa, halafu unilipe na maziwa ya jana." Kesho yake asubuhi mama yangu alikuwa amekunja mkono wa sweta yake, ananiuliza kama mshipi umebana vizuri.